Kamba Chini ya Figa

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, na asubuhi ile mikono yangu ilikuwa ndani ya kahawa hadi viwiko. Nilikuwa naisugua kwenye karai ili ute wake utoke, huku Mama akimwaga maji machafu na kuleta mengine. Ilikuwa sikukuu, ndiyo, lakini kahawa iliyokwisha kumenywa haijui sikukuu. Ukichelewa kuiosha inanuka, na kahawa inayonuka haina mnunuzi. Mwezi wa sita huko kwetu milimani, juu ya Maguu, maji ya asubuhi yanauma kama meno ya mtu. Mimi nilinung'unika, Mama hakunung'unika. Niliona tu kwamba kanga yake imelowa umande hadi magotini, nikadhani ametoka mtoni.

Winfrida, binti wa Baba mdogo Titus, alitokea mbio kwenye migomba.

"Mama mkubwa! Mbuzi wa Bibi hayupo! Kamba ipo, mbuzi hayupo!"

Mama aliendelea kumwaga maji. "Mbuzi ana miguu," alisema.

"Bibi anasema ameibwa. Anataka kufunga fundo."

Hapo Mama aliinua kichwa. "Anataka, au amekwisha kufunga?"

"Anapuliza moto sasa hivi."

"Basi, Odilia, osha mikono," aliniambia, kana kwamba habari imekwisha. "Mtafute Benno umvalishe shati. Tusichelewe misa."

Mbuzi huyo lazima nimweleze, maana hakuwa wa kuuzwa wala wa Krismasi. Alikuwa beberu mweusi mwenye sikio moja jeupe, na Bibi, mzaa baba, alimtenga tangu mwaka baba yangu alipofariki. Alikuwa mbuzi wa kuanua matanga. Kwa desturi yetu, siku ukoo mzima utakapokula nyama yake, msiba wa baba ungekuwa umekwisha rasmi, na siku hiyohiyo, kabla mikono haijanawa, wazee wangesema mjane anakwenda kwa nani. Kila mtu alijua kwa nani. Kwa Baba mdogo Titus, mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa na mke wake wa ndoa ya kanisani na watoto wake, nyumba ya pili tu kutoka yetu.

Mwanzoni Baba mdogo hakuwa na haraka. Mwaka wa kwanza wa msiba hakuja hata kutusaidia kupalilia wala kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Kisha serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi, magari yao yakaanza kupanda milima yetu yakigombania kahawa, bei ikapanda hata watu wakaezeka mabati nyumba ambazo hazijakauka kuta. Ndipo Baba mdogo akaanza kukumbuka marehemu. Alichukua koti la baba, akachukua baiskeli, akawa anapita kwenye shamba letu jioni akigusa matawi ya mibuni kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. Siku moja alisimama mlangoni akamwambia Mama, "Shemeji, mbuzi amenona sasa." Mama alikuwa anachambua maharage. Alimjibu, "Naona." Akaendelea kuchambua.

Angekataa mbele ya wazee, angeambiwa arudi kwao. Mwanamke aliyekataa kurithiwa alikuwa huru kuondoka, lakini mibuni haiondoki, na watoto walikuwa wa ukoo. Kwa hiyo katika mbuzi yule kulikuwa na mambo yote: mwili wa Mama, kahawa yetu, na kama mimi na Benno tutalelewa na nani. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililijua vizuri, na Baba mdogo nilimchukia kwa moyo wangu wote, chuki safi ya mtoto, isiyo na maji.

Tulipopita kwa Bibi kwenda kanisani, mlango wa jiko ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amechutama mbele ya moto, rozari shingoni, kamba ya mbuzi mikononi. Mwizi alikuwa amefanya kosa la kuiacha, na wazee wetu walisema mwizi anayeacha kamba ameacha utumbo wake mwenyewe. Bibi alikuwa mwembamba, hana meno ya mbele, lakini fundo alilivuta kwa nguvu ya mtu anayefunga mzigo wa kuni.

"Aliyekula na atakayekula," alisema, "mkubwa kwa mdogo, tumbo lake lifungwe kama ninavyofunga. Lisifunguke mpaka nimwone kwa macho yangu."

Akainua figa la upande wa mlango, akaiweka kamba chini yake, akalirudisha. Kisha akatazama nje akatuona.

"Mmesikia?" alituuliza.

"Tumesikia, mama. Shikamoo," alisema Mama.

"Marahaba. Mwambieni na Padri. Leo kuna mtu ataungama bila kuitwa."

Fundo la namna hiyo lilijulikana ukoo mzima. Haliui haraka, linakaza taratibu, na anayeweza kulifungua ni yule aliyelifunga tu, mwizi akiwa mbele yake na ukoo wote ukiwa umekaa, hakuna ambaye ameonja chakula cha jioni. Akikosekana mmoja, haliachii. Nilitembea njia nzima kwenda kanisani nikiwa na furaha. Sikuwa na shaka mwizi ni nani. Nani mwingine alikuwa na haraka na mbuzi yule?

Ilikuwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, siku ya vijana, na Padri alikuwa amekuja kwenye kigango chetu badala ya sisi kushuka parokiani. Alikuwa kijana bado, mzaliwa wa kule chini ziwani, na watu wa milimani aliwatania bila huruma. Alisema tunatembea tukiwa tumeinama hata penye tambarare. Vijana walimpenda. Kwenye mahubiri alisema mashahidi walikuwa vijana kama wao, na kwamba mfalme aliwataka jambo, wakasema hapana. "Hapana ni neno fupi," alisema, "lakini ukilisema mbele ya mkubwa linakuwa mlima." Nakumbuka Mama alikuwa ametulia kabisa kwenye benchi la akina mama. Mimi nilipiga magoti nikawaomba mashahidi wote kwa pamoja, kwa kuwa majina yao sikuyajua, wamfunge Baba mdogo tumbo, wamfunge hasa, alie mbele ya watu. Nilisema amina kwa sauti, jirani yangu akanitazama.

Baada ya misa kulikuwa na mpira. Padri alipandisha kanzu ndani ya mkanda akacheza peku, akaanguka kwenye matope, vijana wakamwinua kwa shangwe. Ngoma ya lindeku ikachezwa. Halafu ukaja wakati wa chakula, na Padri alikuwa na desturi yake: siku ya vijana yeye ndiye mhudumu. Alijifunga kitenge cha mpishi mkuu kiunoni, akashika upawa.

Mpishi mkuu alikuwa Mama Winfrida, mke wa Baba mdogo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, lakini siku ile hakutania mtu. Alisimama nyuma ya masufuria akiwa amefumba midomo.

Kabla ya sala, Mama alikwenda na birika kumnawisha Padri mikono. Nilimwona akimsemesha kidogo. Padri akaitikia kwa kichwa. Kisha alipobariki chakula, katikati ya maneno ya kila siku, alisema: "Na tumkumbuke mbele ya meza hii marehemu Alfonsi, apumzike kwa amani." Nilishtuka. Jina la baba yangu lilikuwa halijatajwa kwa sauti siku nyingi, na sasa limetajwa juu ya masufuria ya ugali. Benno alinivuta gauni. "Ni baba yetu?" Nikamwambia anyamaze.

Tulikula. Kulikuwa na maharage, kuku, na nyama ya mbuzi nyingi kuliko tulivyozoea. Tulikunywa togwa kutoka kwenye pipa jipya la plastiki la bluu. Padri alikula mwisho, na akina mama walikuwa wamemwekea maini.

Jioni kulikuwa na sengu. Sasa hivi wengi wameiacha, lakini wakati ule kila nyumba ya ukoo ilipika na kupeleka chakula kwa mkubwa wa ukoo, tukala pamoja, na baada ya kula yakasemwa yanayotakiwa kusemwa. Babu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo tulikula kwa Bibi. Mama na Mama Winfrida walifika na beseni kubwa limefunikwa majani ya migomba.

"Nyama ya sikukuu," alisema Mama Winfrida. "Imebarikiwa na Padri. Wametugawia."

"Mungu ni mwema," alisema Bibi. "Mbuzi wangu ameibwa, lakini nyama nimeletewa."

Mama hakukaa. Alizunguka akitazama nyuso. "Babu Kasiani yuko wapi?" Akaambiwa mzee huyo, mdogo wake marehemu Babu, miguu inamuuma. "Akaletwe," alisema. Akabebwa mgongoni kama mtoto, huku akitukana. "Na Shemeji Titus?" Titus yuko barabarani na wanunuzi wa kahawa. "Tumsubiri."

"Chakula kitapoa," alisema Bibi.

"Kitapashwa, mama. Leo ni sikukuu. Tule wote."

Tulisubiri. Baba mdogo alifika akinuka pombe, amevaa koti la baba. Mama alimpakulia mwenyewe. Kwa Bibi alichagua vipande, akivigeuza kwa vidole, mpaka akapata mnofu laini usio na mshipa, akamwekea mbele. Bibi alitafuna kwa ufizi, macho amefumba.

"Huyu alikuwa mbuzi aliyetunzwa," alisema.

"Alitunzwa, mama," alisema Mama.

Mimi nilikuwa namtazama Baba mdogo. Nilitaka kuona nyama ikimkwama. Alikula, akaongezwa, akapiga mbweu, akalala palepale kwenye mkeka kama gogo. Nikaona mashahidi wamechelewa.

Kesho yake matumbo yalianza. Kwanza vijana wawili wa kwaya, kisha mpiga ngoma, kisha watu wa nyumba za jirani. Habari zilifika kwa Bibi moja baada ya nyingine, naye akazipokea kama mtu anayepokea salamu njema. "Linakaza," alisema. "Subirini, litafika kwa mwenyewe." Nilimsaidia kumenya mihogo siku ile na nilifurahi pamoja naye. Kila tulipoambiwa fulani anaumwa tulitazamana. Sijawahi kuwa karibu na Bibi kama siku ile.

Jioni Benno akaanza. Alikuwa na miaka mitano, na hakuwa mtoto wa kulialia. Alijikunja kando ya moto akishika tumbo, macho yameingia ndani. Asubuhi Mama alimbeba hadi zahanati, akarudi naye na vidonge. Mimi nilikimbilia kwa Bibi.

"Bibi, Benno naye. Fungua."

Alilitazama figa la upande wa mlango. Kisha akasema, "Mwizi aje."

"Benno si mwizi!"

"Najua, mjukuu wangu. Ndiyo maana mwizi aje."

Hiyo ndiyo sura ya Bibi ninayoikumbuka kuliko zote. Alimpenda Benno, aliyefanana na baba yetu hadi masikio. Lakini alikuwa amekaa juu ya kisasi chake kama kuku juu ya mayai, na hata moto ungewaka asingetoka. Furaha yangu ikaisha. Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa anamnywesha Benno maji yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Nikamwambia maneno ya Bibi.

"Amesema hivyo?" Mama alifuta mdomo wa Benno. "Basi ataita ukoo mwenyewe. Vizuri."

Sikuelewa kuna nini cha vizuri. Lakini usiku ule Benno alilala bila kulia, na asubuhi aliomba uji.

Padri alirudi mchana wake, pikipiki ikiguna mlimani. Alikuwa amekonda uso. Alikuwa amesikia habari za kamba, maana vijana waliokuwa wanaumwa hawakutaka tena dawa, walitaka fundo lifunguliwe. Nilikuwepo jikoni kwa Bibi alipoingia akiinamisha kichwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bibi. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba, Baba Padri. Pole na tumbo."

"Nani amekuambia habari za tumbo langu?"

"Fundo."

Padri alivuta kigoda akakaa. "Bibi, wewe ni Mkristo wa siku nyingi kuliko mimi. Unafungaje fundo na rozari iko shingoni?"

"Rozari ni ya kuomba, Baba. Kamba ni ya mbuzi. Sijavichanganya."

"Mimi kamba siiamini," alisema Padri. Tumbo lake likanguruma, wote tukalisikia. "Lakini watu wanaiamini, na wanaacha dawa. Ifungue."

"Wewe huondolei dhambi ambayo haijaungamwa. Nikifungua mimi bure, nitakuwa nimekuzidi huruma."

Padri akacheka, akashika tumbo kwa sababu kucheka kulimuuma. Akasema basi, aite ukoo jioni ileile, na yeye atakaa hapohapo ashuhudie. Bibi alikubali upesi mno. Alichukua ungo, akaanza kuchota majivu ya jikoni, akayachekecha yakawa laini.

"Hayo ni ya nini?" aliuliza Padri.

"Ya kichwa cha mwizi," alisema Bibi. Alipoinuka alijishika ubavu, uso ukakunjamana.

"Bibi, na wewe?"

"Ni uzee tu."

Jua lilipokuwa linazama tulikaa wote. Babu Kasiani aliletwa tena mgongoni. Vyakula vilipangwa katikati, vimefunikwa, hakuna aliyegusa. Bibi aliitoa kamba chini ya figa. Ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi upande mmoja. Aliishika juu.

"Huyu alikuwa mbuzi wa matanga ya mwanangu," alisema. "Nataka kumjua aliyemla."

Nilimtazama Baba mdogo. Alikuwa anakuna kidevu. Kisha nikasikia nguo ya Mama ikichakarisha pembeni yangu, naye alikuwa amesimama.

"Tumemla wote, mama," alisema.

Hakusema kwa kelele. Ilikuwa sauti yake ya kutuambia maji yamechemka.

"Nilimfungua mimi, alfajiri ya sikukuu. Kamba niliiacha makusudi, ili usidhani amepotea ukapoteza siku kumtafuta. Nyama uliyoletewa ndiyo hiyo. Babu Kasiani alikula. Shemeji Titus alikula, akaongezwa. Watoto walikula. Baba Padri alikula maini. Na wewe ulikula, mama. Nilikuchagulia mnofu laini."

Mkono wa Bibi ulishuka hadi tumboni mwake.

"Kumbe nimelishwa mbuzi mwenye kesi," alisema Padri polepole.

"Ulimbariki, Baba," alisema Mama. "Nilikuomba umtaje marehemu, ukamtaja kwa jina lake. Wazee, niambieni mimi mgeni wa ukoo huu: mbuzi wa matanga anataka nini? Aliwe na ukoo wote, asikosekane mtu. Hakukosekana mtu. Marehemu atajwe. Ametajwa. Basi matanga ya mume wangu yameanuliwa, na kabla ya kunawa mikono hakuna aliyesema mjane anakwenda kwa nani. Mlinawa. Nilimwaga maji mwenyewe."

Baba mdogo aliruka juu. "Na mibuni?"

Mtu mmoja alicheka. Akafuatia Babu Kasiani, kicheko cha kukohoa. Mama alimtazama Titus kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Mmemsikia," alisema. "Hakuniulizia mimi. Ameulizia kahawa."

"Na mwenye kumchinja ni nani?" alifoka Baba mdogo. "Mwanamke hachinji!"

"Kaka yangu ndiye alichinja," alisema Mama Winfrida kutoka upande wa wanawake, bila kuinuka. "Mimi nilishika miguu. Ngozi iko shambani kwako, mume wangu, kwenye shimo la ngolo la mwisho kule bondeni, chini ya nyasi. Ulilima juu yake jana."

Baba mdogo akageuka aondoke. Bibi hakuinua sauti.

"Titus. Kaa chini. Anayetoka kabla fundo halijafunguliwa analibeba tumboni mwake."

Akakaa. Alikuwa mtu mzima mwenye koti na saa ya mkononi, akakaa kama mtoto aliyechapwa. Hicho ndicho kisasi nilichokuwa nimekiomba kanisani, nacho kilikuja kwa njia ambayo sikuiomba. Nilikitazama mpaka nikashiba.

Bibi alijaribu kufungua fundo. Moto ulikuwa umelikausha, na vidole vyake havikuweza. Alijaribu ufizi. Mwisho Mama alikwenda akapiga magoti mbele yake, akashika ncha moja, Bibi akashika nyingine, wakawa wanavutana na kulegezeana bila kutazamana. Lilichukua muda mrefu. Lilipoachia, Bibi aliiweka kamba pembeni.

"Umenipiga kwa mbuzi wangu mwenyewe," alisema.

"Nilikuwa sina wangu, mama."

"Inamisha kichwa."

Mama akainamisha. Bibi akachukua ungo akammwagia majivu yote, mpaka ya mwisho akayakung'uta. Padri alifanya kama anataka kusimama, kisha akabaki. Mama alifumba macho tu. Majivu yalimjaa nyweleni, kwenye kope, kwenye mabega ya kanga.

"Sasa pakua," alisema Bibi. "Watu wana njaa."

Na Mama alipakua vile vile, kichwa cheupe kama cha ajuza, akimpa kila mtu kwa mkono wake, akianza na Padri na kumalizia na Baba mdogo. Majivu yalidondoka kidogo kwenye ugali wa Titus. Naye akala.

Nimesoma sekondari, kwa kahawa ileile, na ninajua kilichowauma watu matumbo. Pipa la bluu la togwa lilikuwa la dawa ya kunyunyizia mibuni. Mtu aliliosha kwa maji ya mto akadhani linatosha. Padri mwenyewe alilifahamu baadaye akaamuru litobolewe. Ila Bibi hakunywa togwa. Hakuwahi kufika kwenye ile sikukuu, na tumbo lake liliuma tangu asubuhi ya kesho yake hadi fundo lilipoachia. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi nikiwa nafua, na sijalipatia jibu. Siku hizi siligeuzi tena.

Kusameheana hawakusameheana. Watu hupenda nimalizie hapo, na si kweli. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaugua muda mrefu, na aliyemwogesha na kumlisha ni Mama, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kila Mama alipomwekea sahani, Bibi aliitazama kwanza, akauliza, "Huyu mbuzi wa nani?" Hata ikiwa ni maharage. Mama alimjibu, "Wako, mama. Kula." Waliendelea hivyo hadi mwisho, na siku Bibi alipokufa Mama alisimama jikoni ameshika sahani, hajui amjibu nani.

Mimi niliolewa huku chini ziwani, Lundo. Wiki iliyopita usipa wangu wote, dagaa wa ziwani kwetu, waliokuwa wanakauka kwenye chanja waliibwa mchana kweupe. Nilikasirika hadi nikaona giza. Hao ndio walikuwa pesa ya sare za shule za muhula. Jirani yangu alikuja akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yuko mtu anayeweza kufunga matumbo. Nilimsikiliza. Sitadanganya, nilitamani. Nilimwona mwizi akijikunja, nikaona vizuri.

Kisha nikawaita watoto wangu, mmoja mmoja, nikawauliza: juzi mlikula nini, na mlikula kwa nani? Mdogo akasema kwa jirani wa kule juu walipewa usipa wa kukaanga, watamu. Mkubwa naye alikula. Mume wangu alikula pia, alipopita kudai nyavu zake.

Nikamwambia jirani asante, aende salama.

Leo nimepika ugali na mbasa mmoja mkubwa. Nimesimama mlangoni na upawa, nikawahesabu kwa macho kama Mama alivyofanya jioni ile, mpaka mume wangu, aliyekuwa anafunga mtumbwi, naye akafika. Binti yangu akaitazama sahani yake, akauliza kama walivyozoea kuuliza katika nyumba hii, "Mama, samaki huyu wa nani?"

"Wetu," nilimwambia. "Kula."

Wote wapo. Nimekaa.